Lishe ya ketoni kwa mtoto mwenye kifafa sugu: mwongozo kamili, kuanzia kliniki hadi jikoni

Mtoto ametumia dawa ya kwanza, ikaongezwa ya pili, pengine na ya tatu, na bado kifafa kinamshika mara nane kwa siku. Mama hawezi kwenda sokoni, hawezi hata kuoga kwa utulivu. Familia za namna hii ndizo ninazokaa nazo kila siku, maana mimi ni mtaalamu wa lishe, na mezani katikati yetu huwa kuna mizani. Mwongozo huu nimewaandikia wazazi na walezi, pamoja na wauguzi wanaoulizwa maswali haya zahanati.

Kwanza kabisa: lishe ya ketoni ni dawa. Hupimwa kwa gramu, ina madhara yake, na ikianzwa bila daktari inaweza kumuua mtoto mwenye maradhi fulani ya kurithi ambayo bado hayajagunduliwa. Ratiba za "keto" wanazotumiana watu wazima wanaotaka kupunguza kitambi hazimhusu mtoto wako. Ziache.

Lishe hii ni nini

Mwili ukikosa wanga, ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzitumia ketoni hizo kama chakula badala ya sukari. Tangu kale watu waliona kwamba mwenye kifafa akifunga kula, kifafa hupungua. Lakini nani atafunga maisha yake yote? Mwaka 1921 Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic, huko Minnesota, Marekani, alitoa wazo kwamba mafuta mengi na wanga kidogo sana vitauweka mwili katika hali ya mfungo huku mtu anakula. Mwaka 1925 Mynie Peterman, wa hapohapo Mayo, aliandika vipimo: protini gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, wanga gramu 10 hadi 15 kwa siku, kilichobaki chote mafuta. Vipimo tunavyotumia leo haviko mbali na hivyo. Fenitoini, dawa ya kifafa, ilipopatikana mwaka 1938, vidonge vikaonekana rahisi kuliko kupima chakula, na lishe ikawekwa kando kwa miaka mingi.

Ushahidi uliowatuliza wengi ulitoka London mwaka 2008, katika utafiti ulioongozwa na madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Watoto 145 wenye umri wa miaka 2 hadi 16, ambao dawa zilikuwa zimewashinda, waligawanywa kwa kura: wengine wakaanza lishe, wengine wakasubiri. Baada ya miezi 3, asilimia 38 ya waliokuwa kwenye lishe kifafa chao kilikuwa kimepungua kwa nusu au zaidi. Kwa waliosubiri ilikuwa asilimia 6. Soma namba hizo pande zote mbili: zina matumaini ya kweli, na zinaonyesha pia kwamba wapo watoto ambao lishe haitawasaidia. Mzazi ana haki ya kujua yote mawili kabla hajanunua mizani.

Hatua ya kwanza: hakikisha mtoto ni wa lishe hii

Kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi ya kutosha, zikimezwa bila kurukwa, zinaposhindwa kukizuia. Hapo kwenye "bila kurukwa" jiulize bila kujidanganya. Kama dawa huisha tarehe 20 na nyingine hununuliwa mwezi ukiandama, shida yenu huenda ni dawa kukatika, na hiyo itatuliwe kwanza. Muulize daktari pia kama kifafa kinaanzia sehemu moja ya ubongo inayoweza kufanyiwa upasuaji.

Kuna watoto ambao hatusubiri sana kwao. Mwenye upungufu wa GLUT1, ambaye sukari haivuki vizuri kuingia ubongoni, lishe hii ndiyo tiba yake ya kwanza. Wenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali kinachoanza katika mwaka wa kwanza wa maisha, wenye kifafa cha kudondoka ghafla kama gunia, na vichanga wanaojikunja kwa mafungu mafungu ambao dawa zao zimeshindwa, nao mara nyingi huitikia vizuri.

Wapo pia ambao ni marufuku kabisa: mtoto ambaye mwili wake hauwezi kuunguza mafuta, mwenye upungufu mkubwa wa kanitini (inayobeba mafuta kwenda kuunguzwa), mwenye upungufu wa kimeng'enya cha piruveti kaboksilesi (kinachousaidia mwili kutengeneza sukari yake), na mwenye pofiria (ugonjwa wa kurithi unaoweza kuchochewa na kukosa wanga). Kwa hawa lishe hii ni sumu. Ndiyo maana daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto ataagiza vipimo kwanza: damu nzima, chumvi za mwili, ini, figo, mafuta ya damu, mkojo, na pale panapowezekana vipimo vya maradhi hayo ya kurithi. Kama kuna mtoto aliyefariki ghafla katika ukoo, au huyu wako hulegea kupita kiasi akikosa mlo mmoja, liseme hata usipoulizwa.

Hatua ya pili: daftari la wiki nne

Kabla ya kubadilisha chakula, andika. Tarehe, saa, kifafa kilikuwaje, kilichukua dakika ngapi. Andika na alichokula, choo na usingizi. Bila daftari hilo, baada ya miezi 3 mtabaki kubishana: baba anaona nafuu, bibi haoni, na daktari hana la kushika.

Hatua ya tatu: kuchagua aina

Ile ya asili hupimwa kwa uwiano. Uwiano wa 4:1 maana yake gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa, na hapo asilimia 90 ya nguvu yote ya chakula hutoka kwenye mafuta. Uwiano wa 3:1 ni mwepesi kidogo. Kila kinachoingia mdomoni hupimwa. Ndiyo inayowafaa watoto wa chini ya miaka 2 na wanaolishwa kwa mpira.

Nyingine ni Atkins iliyorekebishwa, yaani lishe ya Atkins ya wanga kidogo iliyobadilishwa kwa ajili ya kifafa, iliyotoka hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, mwaka 2003. Hapa unahesabu wanga tu, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa siku ukishatoa nyuzinyuzi, na unamhimiza mtoto ale mafuta kwa wingi. Nyama, samaki na mayai havipimwi. Nchini India, utafiti wa mwaka 2013 uliwahusisha watoto 102: baada ya miezi 3, nusu ya waliokuwa kwenye lishe hii walipata nafuu ya nusu au zaidi, huku katika kundi la pili wakiwa takriban mmoja kati ya tisa. Maoni yangu, kwa mtoto anayetembea na kujichotea mwenyewe kwenye sufuria, katika nyumba yenye watu wengi na mpishi zaidi ya mmoja, anzeni na hii. Lishe inayofuatwa kila siku ina faida kuliko ile kali inayovunjwa kila Jumapili.

Hatua ya nne: jikoni

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na betri za akiba. Nunua vipande vya kupimia ketoni kwenye mkojo, vile vinavyogeuka rangi hadi zambarau, na ikiwezekana mashine ya sukari ya kidole. Tafuta mwiko laini wa kukwangulia sahani. Nitaeleza hapo chini kwa nini mwiko huo ni muhimu.

Sasa chakula chetu. Kikombe kimoja cha wali kina wanga wa gramu 45 hivi. Ndizi mbivu ya wastani, karibu 25. Glasi ya maziwa ya ng'ombe, 12. Mtoto aliyeandikiwa gramu 12 kwa siku anazimaliza zote kwenye glasi hiyo moja. Kwa hiyo ugali, uji, viazi, muhogo, chapati na maharage vinaondoka, na tende, asali na miwa vinaondoka pia. Wazazi wengi hapa huuliza, sasa mtoto atakula nini? Ukweli ni kwamba pwani yetu ina bahati. Parachichi lina mafuta gramu 15 katika kila gramu 100 na wanga kama 2 tu ukitoa nyuzinyuzi. Tuna mayai, dagaa, samaki, kuku, mchicha, bamia, samli, mafuta ya alizeti na ya nazi. Makadamia, njugu zinazolimwa Kenya, ni hazina, mafuta zaidi ya gramu 70 kwa gramu 100. Korosho ni kinyume, zina wanga mwingi kuliko zinavyoonekana, hivyo zisiingie kwa mazoea ya "hizi si karanga tu?" Karanga zenyewe ziko katikati, zipimwe.

Tui la nazi linahitaji uangalifu. Tui la kwanza ni zito, la pili jepesi, na nazi mbili za fungu moja hazitoi tui sawa. Kama mpo kwenye uwiano wa 3:1 au 4:1, tumieni tui la pakiti lenye maandishi ya vipimo, lisiloongezwa sukari, au mafuta ya nazi yenyewe. Kwenye Atkins mnaweza kukamua la nyumbani.

Mfano, uone hesabu inavyokwenda. Mtoto wa kilo 15 ameandikiwa kilokalori 930 kwa uwiano wa 3:1. Hiyo ni mafuta gramu 90, na protini na wanga kwa pamoja gramu 30, tuseme protini 18 na wanga 12. Ukigawa kwa milo mitatu, kila mlo una mafuta 30, protini 6, wanga 4. Mlo mmoja unaoikaribia hesabu hiyo ni huu: yai gramu 40, parachichi gramu 50, nyanya gramu 40, karoti gramu 20, na mafuta gramu 19, karibu kijiko kikubwa kimoja na nusu. Huo ni mfano wa kujifunzia. Ratiba ya mtoto wako itapigwa hesabu kwa jina lake na uzito wake.

Kuna mvulana mmoja wa miaka minne aliyekuwa na hesabu ya aina hiyo. Wiki ya tatu kifafa kilikuwa kimetulia, kisha mama yake akanipigia simu: "Dada, kimerudi." Nilikwenda kwao. Daftari lilikuwa safi, mizani sahihi, hakuna pipi, hakuna andazi la jirani. Tukakaa tukamtazama anavyokula. Alimaliza yai, akamaliza parachichi, akaisukuma sahani. Pale chini palikuwa na duara la mafuta ya njano yanayong'aa. Tuliyakusanya kwa kijiko tukayapima: gramu 6. Mlo wa 3:1 ulikuwa umeshuka hadi karibu 2.4:1, na ndivyo ilivyokuwa kila siku, mara tatu. Tangu hapo mama alianza kuyaponda mafuta ndani ya parachichi hadi yapotee, na cha mwisho kilikwanguliwa kwa mwiko hadi sahani ikauke. Mafuta yachanganywe ndani ya chakula, yasimwagwe juu. Mtoto akichoka, aanze na kile chenye mafuta.

Hatua ya tano: kuanza

Zamani watoto walifungishwa kula siku nzima au mbili kwanza. Siku hizi si lazima. Uwiano hupandishwa taratibu, 1:1, kisha 2:1, hadi mahali palipokusudiwa, kwa siku chache au wiki. Kichanga wa chini ya mwaka mmoja aanzie wodini, sukari ikipimwa mara kwa mara. Mkubwa anaweza kuanzia nyumbani kama hospitali iko karibu na simu ya mtaalamu inapokelewa.

Siku za mwanzo tegemea usingizi mwingi, kichefuchefu, kukataa chakula. Dalili za kukufanya upige simu papo hapo ni kupumua haraka haraka, uso kuiva, kutapika mfululizo, kulegea, jasho jembamba na kutetemeka. Hizo zinaweza kuwa ketoni zimezidi au sukari imeshuka. Timu yenu iwaandikie mapema cha kufanya. Mara nyingi ni kiasi kidogo cha juisi ya chungwa, kama mililita 30, kisha kupima tena. Mtoto asiyeweza kumeza asinyweshwe chochote. Akimbizwe hospitali.

Maji asinyimwe. Mtoto wa kilo 15 anahitaji kama lita moja na robo kwa siku, na maji ndiyo yanayomkinga na mawe ya figo na choo kigumu.

Dawa, na sukari iliyojificha ndani yake

Dawa za kifafa zinaendelea. Lishe ikifanya kazi, daktari atazipunguza polepole. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. Kinachobadilika ni umbo lake: sirapu nyingi zina sukari, hivyo omba vidonge. Vile vinavyotoa dawa polepole havisagwi, uliza kabla hujatwanga. Anayetumia topirameti afuatiliwe kwa karibu zaidi, kwani nayo huleta mawe ya figo.

Sirapu ya kikohozi, ya homa, ya minyoo, vitamini za kutafuna zenye ladha ya matunda: soma chupa, na kama hujaelewa mpigie mfamasia. Kila mtoto kwenye lishe hii anahitaji vitamini na madini yasiyo na sukari, kalsiamu, na vitamini D. Hayo si ya hiari. Chakula hiki peke yake hakitoshi, na upungufu wa madini ya seleniamu, kwa mfano, unaweza kuudhoofisha moyo.

Mtoto akiugua

Sehemu hii ikate uibandike kwenye mlango wa kabati, maana malaria na kuhara havitangazi siku.

Akiwa na homa au anatapika, usilazimishe mafuta. Mpe maji, supu nyembamba yenye chumvi, pima ketoni na sukari. Akiharisha sana, dawa ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini ina glukosi gramu 13.5 kwa lita, na itazishusha ketoni. Mpe hata hivyo ikiwa anakaukiwa maji. Uhai mbele, ketoni zitarudi.

Dawa mseto ya malaria inatumika, na tena hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta. Malaria kali ni jambo jingine: yenyewe hushusha sukari, na kwinini huishusha zaidi. Mtoto wa lishe hii akilazwa kwa malaria, sukari ipimwe anapofika na irudiwe, na ikiwa chini apewe dripu ya glukosi bila kusita. Kama sukari iko sawa, dripu ya chumvi tupu inatosha. Muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kuyajua haya kwa kumtazama mtoto, kwa hiyo beba kadi iliyoandikwa na daktari wenu, iliyopigwa muhuri: "Mtoto huyu yuko kwenye lishe ya tiba ya kifafa. Pima sukari. Usimpe dripu ya sukari isipokuwa sukari imeshuka." Iwe kwenye mkoba pamoja na kadi ya bima.

Kifafa kikizidi dakika 5, nendeni hospitali, lishe au bila lishe. Mlaze ubavu, usitie kijiko mdomoni.

Watu wa nyumbani

Hapa ndipo lishe nyingi huvunjika, na sijawahi kumlaumu mtu. Bibi anayempa mjukuu kipande cha andazi anampa upendo, kwa lugha aliyoizoea maisha yake yote. Mwite bibi kliniki. Mwache apime yeye yai, mwonyeshe kipande cha mkojo kilivyokuwa zambarau jana na kilivyofifia leo. Niliowaona wakishirikishwa hivyo wamekuwa walinzi wakali kuliko mama mwenyewe.

Ndugu zake wasile peremende mbele yake. Mwalimu apewe chombo cha chakula na barua fupi. Siku ya sherehe, mtoto aende ameshiba na ana chake mkononi, makadamia au yai la kukaanga. Na majirani wakiuliza, waambieni ni kifafa, kwamba hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu, na kwamba chakula chake ni dawa yake.

Kufuatilia, na kuamua

Rudi kliniki baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa tatu, halafu kila miezi mitatu. Uzito, urefu, damu, mkojo, mafuta ya damu. Choo kigumu ndiyo kero ya kawaida kuliko zote, na hutulizwa kwa maji, mchicha na parachichi, au dawa isiyo na sukari. Damu kwenye mkojo au maumivu ya ubavu huenda ni mawe ya figo, msisubiri miadi. Kimo kinaweza kupungua kasi, na wataalamu watarekebisha protini na nguvu ya chakula.

Jipeni miezi 3 kamili. Kisha fungueni daftari. Kama mishtuko haikupungua, na wala mtoto hakuchangamka, lishe iachwe taratibu kwa maelekezo, na mama asijione ameshindwa. Kama imepungua kwa nusu, au mtoto ameanza kumtazama mtu usoni na kutamka maneno aliyokuwa ameyapoteza, endeleeni. Kwa kawaida huwa miaka 2 hivi. Mwenye GLUT1 hukaa nayo muda mrefu zaidi.

Kuacha nako kuna ngazi zake: 3:1 inashuka hadi 2:1, kisha 1:1, kwa miezi miwili au mitatu, wanga ukirudi kidogo kidogo na sukari ya wazi ikiwa ya mwisho. Kifafa kikirudi katikati ya safari, mnapanda ngazi moja juu na kumpigia daktari. Yule mvulana wa mafuta ya sahanini alimaliza ngazi zake baada ya miaka miwili na miezi miwili. Tonge lake la kwanza la ugali lilikuwa la gramu 20. Mama yake alilipima mara mbili.